Mtungi Usiooshwa kwa Sabuni

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kuku nimefungulia. Ng'ombe nimemkamua kwa mkono mmoja, nusu ya maziwa imeingia kwenye ndoo, nusu kwenye gauni. Ukungu wa msituni mpaka saa tatu, hata choo sikukiona. Plasta ilitolewa wiki iliyopita lakini mkono wa kushoto bado ni kama wa mtu mwingine.

Daftari hili ni la zahanati. Nesi Zuhura amenipa nichore kijiti kimoja kwa kila kikombe cha pombe ninachokunywa. Basi. Hakusema niandike kitu kingine. Kwa hiyo naandika kitu kingine.

Leo vijiti vinne. Na kimoja ambacho sikukichora mpaka sasa hivi. Vitano.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji Tluway amekuja kuniletea habari. Kikao cha ukoo kimekaa bila mimi. Wamesema mwaka jana shamba la marehemu kaka yake lililiwa na magugu, na Januari mimi nilianguka njiani nikitoka kunywa, nikavunjika mkono, watu wote wa Mbulumbulu wanajua. Kwa hiyo: kama palizi haijaisha ifikapo Jumapili ya Matawi, yeye Tluway atalisimamia shamba mpaka nitakapopona.

Nitakapopona. Kama vile nina malaria.

Mume wangu Boay alipofariki, Tluway huyohuyo alichukua ng'ombe wanne awasimamie. Ni mwaka wa tatu. Sijawaona tena.

Sikumjibu. Nilikuwa nimekunywa viwili, ningejibu angesema pombe ndiyo inayoongea. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ekari mbili ndizo zote nilizo nazo, na mdomo wangu hauaminiki kuzitetea.

Alhamisi, 6 Machi

Zahanati. Tuko wanawake wanne kwenye benchi nyuma ya chumba cha wazazi. Mmoja ni mama wa Kimaasai kutoka juu, Ngorongoro, anateremka na gari la mzigo. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Nilienda tayari kugombezwa. Nimeshagombezwa na padri, na marehemu, na binti yangu, na dereva wa bodaboda ambaye simjui hata jina. Wote nina majibu yao. Nesi huyu hakunigombeza. Amekaa, midomo imekauka kwa mfungo wa Ramadhani, akaniuliza: kutoka sifuri mpaka kumi, kupunguza pombe kuna umuhimu gani kwako leo?

Nikasema mbili. Nimkomeshe.

Nilijua atauliza kwa nini si kumi. Akauliza kwa nini si sifuri.

Nilikuwa kama mtu aliyejikaza kuinua gunia la mahindi akakuta ni la makapi. Mwisho nikasema kwa sababu ya Tluway. Sitaki apate shamba. Nilidhani atasema hiyo si sababu nzuri, nifikirie afya, nifikirie Mungu. Akasema hiyo ni sababu, akaiandika.

Kisha akaonya nisije nikaacha ghafla bila yeye kujua, maana mwili uliozoea unaweza kushtuka vibaya. Niteremke polepole. Nani kamwambia nataka kuteremka.

Vijiti vitatu.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa Mama Josefu amenishika mkono ule mzima. Jirani yangu, rafiki yangu, chumba chake cha nyuma ndipo tunapokunywa. Anauza gongo na ya mahindi. Kasema kwa sauti, watu wakisikia: "Mama Anjela umepotea, umefunga Kwaresma nini?"

Watu wote wakaitikia kwa kichwa, wameridhika. Kwaresma. Yaani Pasaka nitarudi.

Nimechukia. Sikuacha kwa ajili ya Kwaresma. Kwanza sijaacha. Vijiti vitatu. Lakini kama nitaacha sitaki Kwaresma ipewe sifa.

Jumatano, 12 Machi

Nimefagia jiko. Mtungi wa mama mkwe upo palepale pembeni, mdomo chini, tangu nivunjike. Aliniachia mimi, si wakwe zake wengine. Mkubwa, unachukua ndoo tano. Hauoshwi kwa sabuni. Maji tu, na kiganja. Nguvu yake iko ndani ya udongo. Weka uji na kimea cha ulezi leo, kesho asubuhi unaongea wenyewe, bila hamira ya dukani. Buura yangu, pombe yetu ya kimea, watu walikuwa wanatoka mpaka Karatu mjini kuifuata.

Na mimi ndiye niliyeionja siku zote. Ndiyo desturi yetu: wa nyumba iliyopika huonja wa kwanza, watu wote wakitazama, waone haina kitu. Akimeza, ndipo wengine wanywe. Miaka ishirini na minne naonja wa kwanza. Siku nyingine nilikuwa wa kwanza na wa mwisho.

Vijiti vitatu. Nimesimama hapohapo, siteremki.

Alhamisi, 13 Machi

Nesi ametugawia karatasi. Upande mmoja: pombe inanipa nini. Upande wa pili: inachukua nini. Kasema tuanze na inayotupa, na tusione aibu.

Nimejaza upande ule wote. Usingizi. Kucheka. Kutosikia mkono. Kutomsikia Tluway. Boay akirudi kidogo. Nilipofika hapo kalamu ikasimama.

Upande wa pili niliandika jambo moja tu. Anjela hunusa kikombe changu.

Binti yangu huyo anafua mashuka katika hoteli ya watalii kule Karatu. Akija nyumbani, kitu cha kwanza, akidhani simwoni, anachukua kikombe changu ananusa. Anafanya hivyo tangu yuko darasa la sita. Krismasi alinusa, akakiweka chini taratibu, akabeba mkoba wake akaondoka. Hatukugombana. Ningependa tungegombana.

Nimemuuliza nesi: wewe Mnyaturu wa Singida, Mwislamu, hujawahi kuionja hata kwa ulimi, utanifundisha nini? Wenzangu walishtuka. Yeye kasema, "Ni kweli mama, mimi sijui. Ndiyo maana nauliza."

Viwili.

Jumamosi, 15 Machi

Anjela amepiga simu. Pasaka haji. Kazi nyingi, wageni wengi. Pasaka mvua imekolea, wageni wanakuwa wachache, hata mtoto mdogo wa Karatu anajua.

Nakwenda kwa Mama Josefu.

Jumapili, 16 Machi

Vijiti: sijui. Kiatu kimoja hakipo. Misa sikwenda.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwambia nesi yote, kwa makusudi, nimwone akikunja uso. Nimemwambia na kiatu. Kasema asante kwa kusema. Kisha kauliza kilitokea nini kabla ya kikombe cha kwanza. Kabla, si baada. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu kabla.

Nikasema simu. Nikalia, nimekasirika kwa kulia. Mama wa Kimaasai akanisogezea ncha ya shuka lake nifute uso. Linanuka moshi wa nyumbani.

Nesi kasema hawezi kunizuia kunywa, wala Tluway hawezi, wala Anjela. Ni mimi mwenye kuamua. Nimetoka pale na hasira. Maisha yangu yote watu wananikataza, na mimi najua namna ya kukatazwa: ninakwenda kunywa. Sasa huyu mtoto kaniachia mlango wazi na mimi sina wa kumkomoa.

Kimoja.

Jumatatu, 24 Machi

Hakuna kijiti.

Mikono inatetemeka, jasho, usingizi hakuna. Nesi nilimwambia tangu Ijumaa kwamba nafika sifuri, akanipima, akanipa vidonge, akasema nikiona vitu visivyokuwepo au nikipata degedege niletwe mara moja. Nimeona kitu kimoja tu: magugu. Hayo yapo.

Mahindi yamefika magotini. Magugu nayo.

Jumanne, 25 Machi

Hakuna. Nimepalilia kwa mkono wa kulia, wa kushoto unashikilia tu. Mistari mitatu kutwa nzima. Nimepiga hesabu kwa mwendo huu nitamaliza mwezi wa sita.

Nina hasira na kila mtu. Na jogoo.

Alhamisi, 27 Machi

Nimepata wazo na limenitia hofu. Nitaalika watu.

Palizi ya kualika kila mtu anaijua. Unapika pombe, majirani wanakuja na majembe, shamba la wiki tatu linaisha siku moja, mnakunywa mnaimba. Hakuna anayelipwa. Pombe ndiyo shukrani. Mimi nimeshapikia mashamba ya watu wote hawa.

Zahanati nimewaambia nitapika togwa. Ule uji wa kimea, mtamu, unaonywewa kabla haujachachuka. Mtoto anakunywa, padri anakunywa.

Mama wa Kimaasai kauliza, "Sasa kwa togwa watakuja watu gani?"

"Wenye kiu," nikasema. Wamecheka. Ni mara ya kwanza benchi lile kucheka.

Nesi kauliza ni kitu gani kinaweza kunikwamisha siku hiyo. Nikasema hakuna. Kauliza tena kwa namna nyingine, kama nina uhakika. Nikasema mama, mimi nimepika tangu wewe hujazaliwa.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimempelekea nesi mayai sita. Alikataa, akapokea. Amevaa gauni jipya la kijani, midomo haijakauka.

Mfungo wake umeisha leo. Nimemwonea wivu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimezunguka kualika. Palizi tarehe kumi na mbili, kesho yake Matawi. Nimesema wazi ni togwa. Wengine wamesema watakuja. Wengine wamesema "tutaona", maana yake hapana. Mzee mmoja kacheka mpaka kofia ikaanguka.

Tluway kanikuta njiani. Mpole. "Utapikia wapi shemeji, watu wengi hivyo? Njoo uchukue pipa langu la plastiki."

Pipa lake. Ili watu waseme hata togwa ya Mama Anjela imetoka kwa Tluway. Nikamwambia chombo ninacho.

Ninacho. Kesho naanza kuuosha mtungi. Kwa sabuni.

Jumanne, 8 Aprili

Siku ya tatu. Sabuni ya unga, majivu, maji ya moto, jua. Nimesugua kwa gunzi mpaka vidole vimechubuka. Mama mkwe anisamehe huko aliko. Harufu imeisha. Sasa unanuka kama shati la shule.

Alhamisi, 10 Aprili

Zahanati sikwenda, natwanga kimea. Nimetuma salamu kwa nesi.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimepika, nimepoza, nimetia kimea, nimemimina. Jioni nimeonja kwa kijiko. Tamu. Togwa safi. Nimepika na makande ya kesho. Siku kumi na tisa hakuna kijiti. Nimejisikia mwanamke hodari, naandika hivyo, hakuna wa kunicheka hapa.

Jumamosi, 12 Aprili

Nitaandika yote.

Asubuhi, kabla sijafungua mlango wa jiko, niliusikia. Mtungi ulikuwa unaongea. Sauti ndogo ya mapovu, ile niliyoisikia asubuhi zote za maisha yangu tangu niolewe. Nikafunua. Povu jeupe mpaka mdomoni. Harufu ikanipiga usoni. Sikuhitaji kijiko.

Siku nne za sabuni na nguvu ya mtungi haikufa. Mimi mwenyewe ndiye nilikuwa nawatambia watu kwamba haifi. Nilijua. Nilijua na bado nikaweka humo, kwa sababu sikutaka pipa la Tluway.

Nilikaa sakafuni. Mate yalinijaa. Naandika kwa sababu ni kweli.

Wazo lilikuja limevaa vizuri kabisa. Watu watafurahi. Shamba litaisha. Utaonja kwanza, ndiyo, lakini utagusisha midomo tu, nani atajua? Midomo yangu naijua. Haijui kugusa tu.

Nikafunika. Sikumwaga. Niwe mkweli, sikuweza kumwaga nikiwa peke yangu.

Walikuja watu kumi na wanne. Sikuamini. Mama Josefu mbele, jembe begani. Walifanya kazi vizuri, udongo laini, nyimbo. Kufika saa nne upande wa barabara wote ulikuwa mweupe. Tluway naye alikuja, na fimbo, bila jembe. Akakaa juu ya jiwe kama bwana shamba.

Kukawa mapumziko. Vijana wawili wakautoa mtungi nje, chini ya miti ya mgrevilea. Kabla hawajautua walishanusa. Mmoja kasema, "Togwa ya mama imekua." Kicheko. Watu wakakaa duara haraka, hata wale wenye viuno vibovu. Mama Josefu akachota kata, akanikabidhi. Wakanyamaza wanitazame nikionja.

Ile kata ilikuwa baridi. Povu lilikuwa linagusa kidole changu.

Nikasema. Niliwaahidi togwa, imegeuka usiku, kosa ni langu, mtungi ni wa pombe. Mimi sinywi tena. Kuna makande na chai.

Tluway kasema kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa, "Onja basi shemeji. Kidogo tu, watu wafungue kinywa."

Nikasema sionji.

"Au umetia kitu?"

Hakupaza sauti. Lakini kila mtu alisikia, na watu wakaacha kunitazama mimi wakautazama mtungi. Neno hilo si la mchezo kwetu. Mwanamke aliyekataa kuonja pombe ya nyumba yake mbele za watu, kesho hakuna atakayechukua hata maji kwake. Nikionja, nimekwisha. Nisipoonja, nimekwisha.

Hapo ubishi wangu wote, ule uliowachosha padri na marehemu, ukasimama mguu sawa. Nilimfuata pale kwenye jiwe na kata mkononi.

Nikamwambia, "Wa nyumba ndiye anayeonja. Wewe si ndiye unayetaka kuisimamia hii nyumba? Haya, simamia. Onja."

Akaitazama kata. Alikuwa ameshasema kuna kitu. Akinywa, amekubali kwamba alinisingizia. Asiponywa, anaogopa nyumba anayoitaka. Kaangalia kulia, kaangalia kushoto. Hakunyoosha mkono. Tulikaa hivyo muda mrefu, povu linakufa.

Mama Josefu ndiye aliyeanza kucheka. Kisha wengine. Tluway akainuka akasema ana mgeni nyumbani.

Nikarudi kwenye mtungi, nikausukuma pombe imwagike. Mkono wa kushoto ukanisaliti. Ukaniponyoka, ukabingirika, ukajigonga kwenye lile jiwe alilokuwa amelikalia Tluway, ukapasuka kutoka mdomo mpaka tumboni. Sikukusudia hilo. Nimeulilia mtungi, mbele ya watu, kuliko nilivyomlilia aliyeniachia.

Tisa waliondoka. Sio kwa ubaya, walikula makande kwanza. Mama Josefu pia, kasema ana wateja. Watano wakabaki mpaka saa tisa. Limebaki eneo la juu lote, upande wa msitu.

Kuku walikula machicha. Jogoo kawika saa kumi jioni, kisha kaanguka.

Siku ishirini.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Misa sikwenda. Mungu anajua niko wapi, shamba linaonekana kutoka kanisani.

Tangu alfajiri peke yangu. Mvua ndogo. Kinyesi cha nyati mpakani, kibichi. Mkono umevimba kama mhogo.

Saa sita akaja Mama Josefu na tawi lake la misa na jembe. Ananuka gongo yake mwenyewe. Nikahamia upande unakotoka upepo. Tumelima bila neno mpaka saa nane, kisha kasema, akiwa ameinama, "Jana nilikupa ile kata. Nimeona aibu."

Nikamwambia lima.

Baadaye kauliza pale zahanati huwa mnafanya nini. Nikasema unaulizwa maswali. Ya nini? Ya kwako mwenyewe. Kasema yeye hataki maswali. Sikumwambia aje. Nimejifunza hilo, na limenichoma ulimi.

Giza limeingia mistari mitatu bado.

Jumatatu, 14 Aprili

Wamekuja asubuhi, Tluway na wazee wawili wa ukoo. Nilikuwa kwenye mstari wa pili kati ya ile mitatu. Sikutoka kuwalaki, niliendelea. Tluway kawaonyesha kwa fimbo: Matawi ilikuwa jana, hii hapa haijaisha.

Nikasema mnaiona inaisha.

Mzee mkubwa, yule aliyecheka mpaka kofia ikaanguka, kazunguka shamba lote, miguu yake mibovu, hakuharakisha. Kapita kwenye vigae vya mtungi, kainama, kaokota kimoja, kanusa. Kasema ile pombe ilinukia vizuri, wenzake walimsimulia, na ni dhambi kuimwaga. Kisha kasema shamba libaki kwa mwenye jembe, mpaka mavuno. Tutatazama tena mavuno.

Mpaka mavuno. Si milele. Sitamwambia asante mtu kwa kunipa changu mpaka mavuno. Lakini nimewapa chai.

Tluway hakunywa. Nadhani safari hii alikuwa na aibu tu.

Alhamisi, 17 Aprili

Nesi alishasikia. Zahanati nzima ilishasikia. Mama wa Kimaasai kasema habari zimefika mpaka juu kwao, na huko mtungi umevunjwa kichwani kwa shemeji. Nimeacha iwe hivyo.

Nesi kauliza kwa nini sikuonja. Ningependa kuandika kwamba nilimfikiria Anjela, au Mungu. Nimemwambia ukweli: kwa sababu Tluway alisema kidogo tu. Ni ubishi.

Kaandika ubishi. Kisha kauliza ubishi huo umeshanisaidia wapi tena. Nimekaa kufikiri mpaka chai ikapoa. Watu wote wameniambia ubishi wangu utaniua. Huyu ananiuliza umenisaidia wapi.

Akaja na zile namba zake. Nikasema saba. Akafungua mdomo. Nikamwambia usiniulize kwa nini si sita. Kacheka, kasubiri. Anajua kusubiri, huyo. Nikamweleza mwenyewe.

Niliondoka, nikamkuta Mama Josefu amesimama nje ya lango, kashika kadi ya kliniki ya mjukuu wake. Kasema amekuja kwa ajili ya kadi. Nikasema sawa.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Njia ya Msalaba kwenye matope. Siku ishirini na sita. Leo nimeitaka kuliko siku zote, sijui kwa nini, hakuna aliyeniudhi. Nimerudi nikasugua masufuria yote, hata ya jirani.

Anjela kapiga. "Mama, ni kweli umevunja mtungi wa bibi?"

"Ulijivunja."

Kasema atakuja Jumapili, akimaliza zamu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisani watu watatu wameniuliza kama sasa nimefungua mfungo. Nimewajibu sikuwa nimefunga.

Anjela kafika saa kumi, na mkate na nyama. Amekonda. Mikono imebabuka kwa dawa za kufulia. Tumesalimiana kama wageni wa hoteli yake.

Nilikuwa nimeacha kikombe changu mezani. Nikatoka kuchukua kuni. Kupitia dirishani nilimwona. Alikichukua, akanusa.

Nilidhani nitakasirika. Sikukasirika. Ana miaka kumi ya kunusa, mimi nina siku ishirini na nane. Nikakaa nje kidogo na kuni zangu, nimwache anuse vizuri.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua imenyesha vizuri. Kuku nimefungulia. Kile kigae kikubwa cha mtungi nimewawekea maji, wanakipenda, jogoo anasimama juu yake. Ng'ombe nimemkamua kwa mikono yote miwili, polepole.

Anjela ameamka akatembea shambani na khanga kichwani. Karudi na tope mpaka magotini, hakusema kitu kuhusu shamba. Kauliza tu ni nani aliyepalilia ule mstari wa mwisho uliopinda. Nikasema mimi.

Nikamimina chai kwenye kikombe changu, nikakiacha kipoe, nikaenda kutazama mayai. Nimerudi amekaa kwenye kigoda mlangoni, anatazama mvua, kikombe changu kiko mdomoni mwake. Hakunisikia. Hakunusa. Alikuwa anakunywa tu, kama mtu anayekunywa chai kwao.

Aliponiona kasema sukari haitoshi.

Nimeongeza.